Maji ya Sironga na Chimbuko la Nili

Mvua inyeshayo juu ya kinamasi cha Sironga, katika nchi ya Abagusii, haina njia ila kuteremkia Ziwa Nyanza, ama kwa mto Gucha, ambao Wajaluo wa bondeni huuita Kuja, ama kwa mto Sondu. Na kutoka ziwani hutokea Jinja, ikashika mkondo wa Nili hata bahari ya Misri. Jambo hilo, ambalo leo mtoto wa shule hulisoma ramanini, liliwagombanisha mabwana wa London miaka mingi.

Mwaka 1858, Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza waliotafuta chimbuko la Nili, walipokuwa Kazeh, ndiyo Tabora ya sasa, Sheikh Snay bin Amir, tajiri Mwarabu aliyezijua barabara njia za bara, aliwapa habari za ziwa kubwa upande wa kaskazini. Burton akabaki, Speke akaenda pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India, akaliona Agosti 3, na sifa zote zikawa zake, ilhali aliyemwelekeza hatajwi ila kwa nadra.

Hata Machi 1875 akaja msafiri mwingine, Stanley, na mashua yake, Lady Alice, iliyochukuliwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo, akaambaa pwani ya mashariki ya ziwa, unakoishia mto Kuja, wala asipande bara. Basi vilima vya Kiabonyoru, uanziako mto huo, havikuingia katika ramani yake, na wenyewe, kwa maoni yangu, hawakupungukiwa na kitu.