Neno la Leo: Huru

Neno "huru" tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika mwambao wetu maana yake ya asili ilikuwa mtu asiye mtumwa. Ndiyo sababu wazee walisema kuwa bwana fulani amemwacha huru mtumwa wake, na kwa kauli hiyo moja hali ya mwanadamu ikabadilika mbele ya sheria na mbele ya majirani.

Nguvu hiyo ya neno aliifahamu barabara George Orwell, mwandishi wa Uingereza, ambaye katika riwaya yake 1984, iliyochapishwa mwaka 1949, alisawiri dola iliyoazimia kuzitawala nyoyo za raia kwa kuipunguza lugha yao. Huko kamusi hupungua unene kila inapochapwa upya, na neno lenye maana ya "huru" halifutwi, bali huachiwa kazi duni ya kueleza kuwa mbwa hana chawa au shamba halina magugu; ama uhuru wa fikra na wa siasa, huo haunenwi abadani, kwani tamko la kuunenea limekwisha kuondolewa.

Hapo ndipo penye ibra kubwa, maana aliyenyimwa neno hunyimwa na hoja, na dhuluma isiyo na jina haina wa kuishitaki. Basi tuyahifadhi maneno yetu pamoja na maana zake kamili, na kila tutamkapo "huru" tumkumbuke mtumwa aliyeingoja kauli hiyo umri wake wote.