Kiti cha Pili: Miaka Arobaini ya Mchujo wa Urais na Mgombea Mwenza

Majina ya wanaotaka urais kupitia Chama Cha Mapinduzi hukatwa Dodoma, lakini kishindo chake husikika Dar es Salaam. Tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992, vitongoji vya Kinondoni na Temeke vimekuwa mahali ambapo waliokatwa hupokelewa, waliohama hupigiwa kura na hasira za mchujo hupimwa. Katika vishindo hivyo, macho yetu yamekuwa kwa mgombea urais. Mgombea mwenza tumemwangalia kwa jicho la pembeni, na historia inaonyesha kwamba tumekosea.

Tuanzie mwaka 1985, Mwalimu Nyerere alipong'atuka. Edward Sokoine, aliyetazamwa na wengi kama mrithi, alikuwa amefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Waliobaki kutajwa ni Ali Hassan Mwinyi, Rashidi Kawawa na Salim Ahmed Salim. Vikao vya chama vilimpitisha Mwinyi, na wananchi wakapelekewa jina moja la kulipigia kura ya ndiyo au hapana. Mgombea mwenza hakuwapo, kwa sababu kiti chenyewe hakikuwapo kwa sura ya leo. Rais wa Zanzibar na Waziri Mkuu ndio waliokuwa makamu wa rais, na Mwinyi mwenyewe alitokea kwenye mojawapo ya nafasi hizo.

Vyama vingi viliuvuruga mpango huo. Itakuwaje chama kimoja kikishika Muungano na kingine kikishinda Zanzibar? Je, Rais atakaa na makamu anayempinga? Jibu lilikuja mwaka 1994, kwa Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba. Makamu angekuwa mmoja, angetoka chama kilekile cha mgombea urais, na angetoka upande wa pili wa Muungano. Wawili hao wangechaguliwa kwa kura moja. Rais wa Zanzibar akapoteza umakamu aliokuwa nao kwa wadhifa wake, jambo lililowakera Wazanzibari wengi na ambalo bado linajadiliwa.

Utaratibu huo ulijaribiwa mara ya kwanza Julai 1995, katika ukumbi wa Chimwaga. Watatu walifika mwisho. Duru ya kwanza Jakaya Kikwete aliongoza kwa kura 534, akifuatiwa na Benjamin Mkapa aliyepata 459 na Cleopa Msuya 336. Duru ya pili Mkapa, aliyeungwa mkono na Mwalimu, alishinda kwa 686 dhidi ya 639. Tofauti ilikuwa kura 47 tu. Mgombea mwenza wake alikuwa Dk. Omar Ali Juma, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Kura ziligombewa jasho likitoka kwa nafasi ya kwanza. Ya pili ilijazwa kwa makubaliano.

Mapema mwaka huohuo Augustino Mrema alikuwa ameihama CCM na kujiunga na NCCR-Mageuzi. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba uliharibika Dar es Salaam, matokeo ya majimbo yote saba yakafutwa na upigaji kura ukarudiwa tarehe 19 Novemba. Mrema alishindwa urais, lakini Temeke haikumsahau. Mwaka 1996, katika uchaguzi mdogo, wakazi wa jimbo hilo walimpeleka bungeni. Huo ulikuwa ushahidi wa mapema kwamba anayetoka chama tawala kwa kishindo hupata makao pembezoni mwa jiji.

Mwaka 2005 Kikwete alirudi Chimwaga akiwa na kundi lililojulikana nchi nzima kama mtandao. Safari hii hakukuwa na duru ya pili: alipata kura 1,072, Salim 476 na Mark Mwandosya 122. Dk. Ali Mohamed Shein, aliyeshika umakamu baada ya kifo cha Dk. Omar mwaka 2001, akawa mgombea mwenza wake. Kisha likatokea jambo lililopaswa kutufungua macho. Siku chache kabla ya kupiga kura, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe wa Chadema, alifariki dunia. Uchaguzi wa Muungano ukaahirishwa kutoka tarehe 30 Oktoba hadi 14 Desemba. Mtu ambaye wapiga kura wengi hawakuwa wamelisikia jina lake alisimamisha uchaguzi wa nchi nzima. Sheria ilikwisha kuuona uzito wa kiti hicho kabla yetu.

Mchujo wa 2015 ulikuwa na watu wengi kuliko yote: makada 42 walichukua fomu. Jina la Edward Lowassa halikuvuka Kamati Kuu, na wajumbe watatu wa kamati hiyo, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kuupinga uamuzi. Mkutano Mkuu ukampa John Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Tarehe 28 Julai Lowassa alikaribishwa Chadema katika hoteli ya Bahari Beach, wilayani Kinondoni. Mgombea mwenza wake, Juma Duni Haji, ilimbidi aihame CUF na kuingia Chadema, kwa kuwa sheria haikubali tiketi moja kubeba vyama viwili. Oktoba, majimbo sita kati ya kumi ya Dar es Salaam, Kinondoni na Temeke yakiwamo, yalikwenda kwa upinzani.

Wakati wote huo Samia Suluhu Hassan hakuwa miongoni mwa waliochukua fomu. Alitangazwa mgombea mwenza tarehe 12 Julai, baada ya mshindi kupatikana. Mwaka 2020 alirudi kwenye tiketi hiyohiyo, Magufuli akiwa peke yake kuomba uteuzi. Tarehe 17 Machi 2021 Magufuli alifariki Dar es Salaam, na siku mbili baadaye Samia aliapishwa kuwa Rais wa Sita. Wakazi wa jiji walifurika Uwanja wa Uhuru, Temeke, kumuaga aliyetangulia, na watu 45 wakapoteza maisha katika msongamano. Amina aligombea akapata kura 253. Samia hakugombea urais, akawa Rais. Katiba ilifanya kazi yake sawasawa. Chama, wanahabari na wapiga kura ndio hatukuwa tumefanya yetu.

Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM ulimpitisha Samia bila mpinzani ndani ya chama, pamoja na mgombea mwenza Emmanuel Nchimbi, yuleyule aliyepinga kukatwa kwa Lowassa miaka kumi kabla. Jina lake lilipokewa kwa makofi, kama walivyopokewa waliomtangulia.

Makofi hayatoshi. Kila chama kingepaswa kumweka mgombea mwenza mbele ya wajumbe aulizwe maswali na apigiwe kura yake, na wananchi wa Mbagala, Tandale na kwingineko wamsikie kwenye mdahalo kabla ya kuweka alama kwenye karatasi ya kura. Mizani ya Muungano ni sababu halali ya kuamua atoke upande gani, lakini haitupi jibu kama anaweza kuongoza nchi. Tunapomchagua makamu, tunamchagua mtu anayeweza kuwa Rais kesho. Tumpime kwa kipimo hicho.