Riadha ya Mbulu na Hanang: John Stephen Akhwari na Gidamis Shahanga, 1968–1990

Historia ya mbio ndefu nchini Tanzania haiwezi kuelezwa bila kutaja Mbulu na Hanang, wilaya za nyanda za juu mkoani Manyara. Insha hii inalinganisha wanariadha wawili, John Stephen Akhwari wa Mbulu na Gidamis Shahanga wa Hanang, na inadai kuwa umaarufu wa tukio moja umefunika uwezo halisi wa wa kwanza na ushindi wa wa pili.

Akhwari, aliyezaliwa mwaka 1938, anakumbukwa kwa marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Alianguka njiani, akaumia goti na bega, lakini hakukubali kujitoa. Alifika uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 walimaliza. Yeye alikuwa wa mwisho. Heshima alizopewa baadaye, ikiwemo kubeba mwenge wa Olimpiki ya Beijing jijini Dar es Salaam mwaka 2008, zilitokana na siku hiyo.

Hata hivyo, kipimo cha haki cha Akhwari ni Edinburgh. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 alishika nafasi ya tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Miaka minane baadaye, huko Edmonton, Shahanga alitwaa dhahabu ya marathoni ya michezo hiyo kwa muda uliozidi huo kwa takriban nusu dakika. Ingawa njia na hali ya hewa hutofautiana, ni dhahiri kuwa mtu wa mwisho wa Mexico alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu.

Tofauti yao kubwa ni ya zama. Akhwari alikimbia enzi za riadha ya ridhaa, kisha akarejea kwenye kilimo. Shahanga alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Mwaka 1982 alishinda mita 10,000 huko Brisbane. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Riadha liliruhusu mapato ya wanariadha kuwekwa katika mifuko ya amana. Ushindi wake wa Rotterdam (1984) na Vienna (1990) ulipatikana katika zama hizo mpya, mbio zilipokuwa zikigeuka kuwa kazi.

Kwa hiyo, kumbukumbu ya taifa imemtukuza aliyevumilia kuliko aliyeshinda. Funzo la uvumilivu lina thamani yake, lakini likibaki peke yake, kijana wa Mbulu au Hanang hurithi ujasiri wa kumaliza bila kujua kuwa waliomtangulia walikuwa pia na kasi ya kushinda.