Asili ya Jina la Urujuani wa Usambara

Katika misitu ya Usambara, penye kivuli na unyevu, huota juu ya miamba mmea mdogo wenye majani manene yaliyofunikwa vinyweleo laini, nayo yamekaa duara karibu na ardhi. Maua yake ni ya rangi ya samawati iliyochanganyika na zambarau, na katikati yana manjano. Wadachi waliuita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Waingereza wakauita African violet, yaani urujuani wa Afrika. Yafaa tuyapime majina hayo neno kwa neno, kwa kuwa jina hufundisha hata pale mwalimu anaponyamaza.

Wa kwanza kupeleka mfano wa mmea huu Uingereza alikuwa Sir John Kirk, mwaka wa 1884. Mwaka wa 1887 akafuata Padre W. E. Taylor, yule mmisionari wa Mombasa aliyekusanya mithali za Waswahili. Lakini vielelezo vyao havikutosha wataalamu kuueleza. Mwaka wa 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wadachi, akampelekea baba yake huko Ulaya. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka wa 1893 akauita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa baba na mwana. La pili ni la Kiyunani: ion ni urujuani, na anthos ni ua, basi maana yake ni "wenye maua mfano wa urujuani".

Tuangalie vema: Wendland alisema mfano tu. Watu wa sokoni wakauacha mfano, wakaufanya kuwa ukoo. Kumbe mmea huu si wa ukoo wa urujuani wa Ulaya hata kidogo. Umefanana nao kwa rangi tu. Na katika Kiswahili jambo lazidi kutatanisha, maana urujuani, neno lililotujia kwa njia ya Kiarabu, kwetu ni jina la rangi kabla ya kuwa jina la ua.

Na sehemu ya pili ya jina je? "Afrika" ni pana mno, kwani mmea huu kwa asili ni wa Tanzania na Kenya tu. "Usambara" nayo ni finyu kidogo: Saint Paul mwenyewe aliuona pia katika mawe ya chokaa karibu na Tanga, na Taylor aliupata upande wa Giryama na Shimba. Walakini, likipasa kuchaguliwa moja, sisi twachagua Usambara. Washambaa huiita nchi yao Shambaai, nao huitambua kwa mimea yake, wakiitenga na nyika iliyo chini. Hivyo jina hilo lamrudisha msikiaji mahali penye kivuli na maji, ambapo ua hili laweza kuishi.

Jambo hili si dogo. Ua hili limejaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, na wengi walinyweshao hawajui kwamba kwao ni msituni, wala kwamba msitu ukikatwa, jua huingia na mmea hufa juu ya mwamba wake. Mwaka wa 2015 wataalamu, baada ya kuchunguza chembe za urithi, waliuingiza mmea huu katika jamii ya Streptocarpus; basi hata jina la Saint Paul limeshushwa cheo. Majina ya vitabuni hubadilika. Jina litajalo nchi lafaa kudumu, mradi nchi yenyewe iwe bado na msitu.

Kwa hiyo yatupasa sisi walimu mambo mawili. Tunapofundisha jina hili, tueleze kwamba urujuani hapa ni mfano, si ukoo. Tena, tuwatume wanafunzi kwa wazee wa kila kijiji kilicho karibu na msitu, waulize jina la mmea huu, kisha waliandike kama linavyotamkwa, pamoja na maana yake. Kirk, Taylor na Saint Paul walichukua mmea; jina la wenyeji halikusafiri nao. Hilo ni juu yetu kuliandika.