Ambwene, Ambokile, Atupele: Majina Yaliyoshuka Kutoka Rungwe

Mwaka 2011 foleni ya magari ilijipanga kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, watu wakikifuata kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Karibu kila mtu alimwita Babu. Jina lake kamili, Ambilikile Mwasapile, halikukaa vizuri midomoni mwa wengi, na hata magazeti hayakukubaliana: huku Mwasapile, kule Mwasapila.

Kwa mtu wa Tukuyu, wilayani Rungwe, au Kyela, mkoani Mbeya, jina hilo halina ugumu wowote. Ambilikile ni sentensi nzima ya Kinyakyusa, lugha ya huko: ameniita. Anayeita ni Mungu, ingawa hatajwi.

Majina ya namna hiyo ni mengi Nyanda za Juu Kusini. Ambwene ni "ameniona", Ambokile ni "ameniokoa", Atupele ni "ametupa", Tusajigwe ni "tumebarikiwa". Mzazi anayemwita mtoto Ambokile anamkabidhi habari ya siku ya kuzaliwa kwake, pengine ya ujauzito uliokuwa mgumu au ugonjwa uliopita. Yapo pia mafupi, yenye neno moja: Lugano ni upendo, Lusekelo ni furaha, Lusajo ni baraka.

Sehemu ya historia ya majina haya iko kanisani. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa Berlin nao wakaingia nchi hiyohiyo mwaka huohuo. Walijifunza Kinyakyusa na kuhubiri kwa lugha hiyo. Neema ya Mungu ikaitwa ipyana, na kituo cha Moravian karibu na Ziwa Nyasa kikapewa jina hilo. Leo Ipyana ni jina la mtu, na aliyebatizwa hivyo hahitaji kuongezewa jina la Kizungu ili aonekane Mkristo. Huo ni ushindi mkubwa wa lugha ya wenyeji, nao haujasifiwa vya kutosha.

Majina ya ukoo yalitangulia kujulikana nchini kupitia siasa na vyuo: Mwandosya, Mwakyembe, Mwakyusa. Majina ya kwanza yamechelewa. Mashabiki wa Bongo Fleva wanamjua AY tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Wachache hukumbuka kwamba herufi hizo ni Ambwene Yesaya. Mpirani, Lusajo Mwaikenda wa Azam amelifanya jina lake litajwe redioni mara kwa mara.

Matamshi ndiyo yanayowatesa wageni, na kosa kubwa ni kuongeza irabu. "Kyu" katika Mwakyusa ni silabi moja, si "ki-yu". "Mbwe" katika Ambwene hutamkwa kwa pumzi moja, mkazo ukiangukia hapohapo. J ya Lusajo ni laini, inakaribia y. Ndiyo maana ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga, jina hilohilo huandikwa Lusayo. Hakuna aliyekosea kati ya anayeandika Lusajo na anayeandika Lusayo, ila karani wa pasipoti anaweza kuwaona watu wa ukoo mmoja kama wageni wasiojuana.

Iringa inajua vizuri jina likipita mikononi mwa wageni huwaje. Mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe aliyewashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 alikuwa Mkwavinyika. Watu walilifupisha wakasema Mkwawa. Wajerumani wakaandika Quawa. Tahajia ya Kijerumani imebaki kwenye nyaraka za zamani. Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kwa tahajia ya wenyewe.

Kwa hiyo mwalimu wa darasa la kwanza, mtangazaji na karani wa vyeti vya kuzaliwa wana kazi moja ndogo: mbele ya Ambokile au Tusajigwe, wasikate jina wala wasilibadilishe kwa kubahatisha. Wamuulize mwenye jina, au mama yake, linavyotamkwa na linavyoandikwa nyumbani kwao, kisha waliandike hivyohivyo.