Prosija Itakurudishia Nini? Miaka 25 ya Swali Moja

Leo tuongee historia kidogo, wasee, lakini si ya wafalme. Ni historia ya swali ambalo divelopa yeyote akipewa mfumo wa zamani atakutana nalo: nikiita prosija hii, itanirudishia nini?

Kwa wale hawajazama huko, prosija ni kipande cha programu kinachoishi ndani ya hifadhidata yenyewe. Unakiita kwa jina, kinafanya kazi, kinakujibu. Sybase waliipa umaarufu na SQL Server yao ya 1987, na 1989 ushirikiano wao na Microsoft ukaifikisha kwa kompyuta ndogo. Wazo lilikuwa poa: badala ya kila programu kuandika upya hesabu za kukata pesa kwa akaunti, hesabu zinakaa mahali pamoja na wote wanaziita.

Noma ilikuwa majibu. Prosija moja inaweza kukujibu kwa njia tatu kwa mpigo: nambari ya hali, ambapo sifuri kwa kawaida ni "mambo sawa", parameta za kutoa, na majedwali, moja au kadhaa. Edgar Codd, aliyeleta wazo la hifadhidata za majedwali akiwa IBM mwaka 1970, alitupa kitu ambacho safu zake zinajulikana kabla hujauliza chochote. Prosija ikaja na IF ndani yake. Salio likitosha unapata safu tano, lisipotosha unapata ujumbe mmoja.

Sasa utajuaje mapema? Njia rahisi ni kuiendesha uone. Lakini kuendesha ni kutenda. Kama prosija inakata pesa ya mtu, ushakata. Ni kama kwenda kibandani na kulazimika kula kwanza ndio ujue kumepikwa nini.

Kwa miaka mingi SQL Server ilikuwa na ujanja unaoitwa SET FMTONLY ON. Ukiuwasha, seva inapitia prosija bila kugusa data na kukupa majina ya safu tu. Shida mbili: ilipita matawi yote ya IF bila kujali sharti, na majedwali ya muda hayakutengenezwa, kwa hivyo prosija inayoyatumia ilikwama. Watu wakafanya nini? Wakaandika SET FMTONLY OFF ndani ya prosija yenyewe, ili vifaa vyao viache kulalamika. Yaani mtu anadhani ameuliza tu, kumbe prosija imeendeshwa kweli. Hiyo sehemu ndio hunitisha zaidi kwa hadithi hii.

Mwaka 2012 Microsoft walileta sp_describe_first_result_set, inayosoma msimbo bila kuuendesha. Matawi yakipingana, inakataa kujibu. Ikipata jedwali la muda, mara nyingi inakataa pia. Na inakuelezea jedwali la kwanza pekee. Toleo hilohilo lilileta WITH RESULT SETS: anayeita anataja safu anazotarajia, na zikikosa kulingana anapata kosa papo hapo.

PostgreSQL walienda njia nyingine. Huko, ukiandika funksheni, unatangaza aina ya jibu tangu mwanzo, na tangu toleo la 8.4 la mwaka 2009 unaweza kutumia RETURNS TABLE na kuorodhesha safu moja moja.

Mimi naona hapo ndipo somo lilipo. Tulitumia miaka 25 kutengeneza vifaa vya kubahatisha kitu ambacho mwandishi wa prosija alikijua tayari siku anaiandika. Kuuliza si ujinga, sawa, lakini mbona uulizwe kitu ungeandika kwa mstari mmoja? Ukiandika prosija yako, taja juu kabisa inarudisha nini, kwa kila tawi. Yule atakayeirithi hatalazimika kujaribu na pesa za watu.

Wewe je, yako imeandikwa majibu yake?