Historia ya Maandishi Itunzwe Wapi? Zana za Matoleo kutoka SCCS hadi Git

Watafiti wawili wanaotunga kamusi moja, mmoja akiwa Kisangani na mwenzake Kinshasa, hutenganishwa na takriban kilomita 1,700 za mto. Kila mmoja akisahihisha vidahizo peke yake, toleo lipi litakuwa la kutegemewa? Swali hili liliwakabili pia watunzi wa programu za kompyuta, na majibu yao yanafaa kuchunguzwa na wanaisimu.

SCCS ilibuniwa na Marc Rochkind huko Bell Labs, Marekani, mwaka 1972. RCS ya Walter Tichy ikafuata miaka kumi baadaye. Zote zilihifadhi tofauti baina ya matoleo, si kila toleo zima. CVS, iliyoanzishwa na Dick Grune mwaka 1986, iliwawezesha wengi kuhariri faili moja kwa pamoja, na baadaye kupitia mtandao. Hata hivyo historia yote ilikaa kwenye seva: hata kulinganisha rasimu na toleo lililotangulia kulihitaji mtandao.

Subversion, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2000, ilipunguza mzigo huo. Humwekea mtumiaji nakala safi ya toleo alilolichukua, hivyo aweza kulinganisha bila mtandao. Nayo husafirisha tofauti tu. Lakini kuandikisha badiliko bado kunahitaji seva.

Juni mwaka huohuo, Kisangani ilipigwa makombora kwa siku sita, huku vita vikiwa vimeifunga njia ya mto kwenda Kinshasa. Mji huu unajua maana ya kukatwa na makao makuu.

Aprili 2005, Linus Torvalds alianzisha Git, na Olivia Mackall akaanzisha Mercurial. Katika zana hizi kila mtumiaji ana historia nzima. Huandikisha mabadiliko akiwa nje ya mtandao, kisha hupeleka yaliyo mapya tu. Gharama yake ni nakala ya kwanza, ambayo ni nzito. Na katika Git, mtandao ukikatika katikati, kunakili huanza upya. Dawa ipo: zana zote mbili zaweza kufunga historia, au sehemu yake mpya, katika faili moja inayobebeka kwenye diski ya flashi, hata kwa boti.

Basi penye mtandao imara na faili kubwa za sauti, Subversion yatosha. Kwa matini ya kamusi inayoandikwa Kisangani, Git au Mercurial ni bora: mwandishi wa mbali hasubiri seva ili kazi yake iandikishwe.